Kitufe cha Tatu

Kiti cha dereva kilianza kusogea mbele wakati fundi bado anameza chai. Hakuna aliyekigusa. Gari lilikuwa chini ya bati la karakana, mlango wa dereva wazi, ufunguo umezungushwa nusu, na kile kiti cha ngozi ya kahawia kikawa kinasogea taratibu, kikiguna, mpaka kikaukaribia usukani kiasi kwamba mtu mzima angelazimika kubana tumbo ndipo apenye. Kisha kikapanda juu. Kisha mgongo wake ukasimama wima, kama wa mtoto aliyeambiwa akae vizuri. Kikatulia.

"Ndiyo hivyo," alisema Madam mwenye gari. "Kila nikiwasha, kinafanya hivyo hivyo. Nikikirudisha nyuma, kinarudi tena mbele."

Fundi aliweka kikombe juu ya betri mbovu. Watu walimwita Fundi Mita, kwa sababu alikuwa na mazoea ya kupima kila kitu kabla ya kukiamini. Taa ikiwaka mbele ya macho yake, aliipima kama kweli ina umeme. Mteja akimwambia gari lilizima jana, aliuliza jana ipi. Mkewe alizoea kusema kwamba hata akiambiwa chakula kimeiva, mume wake lazima afunue sufuria.

"Kiti kina kumbukumbu hiki," alisema.

"Kina kumbukumbu." Madam akaonyesha swichi ndogo mlangoni, yenye vitufe vitatu. "Ukibonyeza cha kwanza, kinakaa ninavyopenda mimi. Cha pili kilikuwa cha dereva. Cha tatu hakina mtu."

"Na Bosi, mume wako?"

"Bosi haendeshi. Anaendeshwa."

Alijibu upesi mno, fundi akaona. Akamuuliza tatizo limeanza lini. Madam akageuza uso, akatazama barabarani.

"Tangu ile ajali."

"Na kwa nini hukulipeleka kwenye ile gereji kubwa mnakopeleka siku zote?"

"Kule wana midomo," alisema Madam. "Wewe wanasema huna."

Fundi hakupenda jibu hilo. Gari lenyewe alilijua vizuri kuliko alivyotaka. Dereva wa Madam alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, jamaa mmoja mrefu kupita kiasi ambaye mtaa mzima ulimwita Mlingoti. Jioni moja, mwaka uliopita, gari hili lilipanda ukingo wa barabara kwenye kona ya soko likamgonga fundi viatu aliyekuwa amekaa chini ya mwavuli wake anashona soli. Fundi viatu hakuwahi kufika hospitali akiwa hai. Polisi walipokuja, Mlingoti alikuwa amesimama kando ya gari, mikono ameikunja kifuani. Alisema ni yeye. Mahakamani akasema ni yeye. Hakutaka wakili, hakutaka kuulizwa chochote, na hukumu iliposomwa alishukuru kama mtu aliyekaribishwa kiti.

Jambo hilo lilikuwa limemkera Fundi Mita tangu siku ile. Shemeji yake aliendesha kama anayebeba mayai. Na sasa hapa palikuwa na kiti kilichokataa kusahau, na kilichokuwa kinakumbuka mtu ambaye kwa vyovyote hakuwa Mlingoti. Mlingoti alikuwa akirudisha kiti nyuma mpaka mwisho wa reli, na bado magoti yake yalikuwa yanabishana na usukani.

"Hebu kaa, Madam," alisema. "Nipime uzito."

Hakuna kipimo cha namna hiyo, lakini Madam akajipenyeza akakaa. Magoti yake yakagonga chini ya dashibodi.

"Unaona?" alisema. "Siwezi."

Fundi alimtazama magoti. Alishuku kwamba amejirefusha makusudi.

Madam alipoondoka, alifungua paneli ya mlango, akaitoa swichi kidogo bila kuchomoa plagi yake, akaanza kazi. Umeme ulikuwa unaingia sawasawa. Waya wa ardhini ulikuwa mzima. Alikagua plagi, hakuona kutu. Alinusa, hakusikia harufu ya kuungua. Akasafisha migusano ya shaba ndani yake kwa spiriti na mswaki wa zamani, kwa sababu soda na chai humwagikia milango ya magari kuliko wenye magari wanavyokubali kusema. Akapima kitufe kimoja kimoja kwa mita yake ya umeme. Cha kwanza kilisoma pale kilipobonyezwa tu. Cha pili vilevile. Cha tatu kilisoma wakati wote, kana kwamba kuna kidole kimekilalia na hakina mpango wa kuondoka.

Akakichokoa kwa bisibisi ndogo. Hakikuwa kimekwama. Kiliingia na kutoka kwa ulaini, na bado mita ilisema kimebonyezwa.

Wakati huo huo mto wa kiti ulibonyea. Ulishuka polepole, kama unavyoshuka mtu mzima anapokaa, na taa nyekundu ya mkanda ikawaka kwenye dashibodi, ikaanza kulia. Fundi aliweka kiganja juu ya ngozi. Ilikuwa na joto.

Jirani yake, fundi bodi, aliyekuwa ananyoosha mlango wa teksi kwa nyundo, akainua kichwa.

"Mfunge mkanda basi, hiyo kelele iishe."

Fundi Mita akauvuta mkanda, akaufunga. Taa ikazima. Mkanda haukulala juu ya kiti. Ulikaa hewani, umejikunja juu ya kifua kidogo na bega jembamba, ukipanda na kushuka kidogo kidogo.

"Mfupi," alisema fundi bodi, akarudi kwenye nyundo yake.

Hapo ndipo alipochomoa plagi kabisa. Mto ukajaa, mkanda ukalegea, kiti kikawa kiti. Akaipeleka swichi mezani, akaiunganisha na betri ya majaribio apate kuona vizuri. Kigoda chake cha plastiki, ambacho hakikuwa na mota wala waya wala kitu chochote isipokuwa ufa, kikasogea mbele kikaigusa meza. Kisha kikapanda, miguu yake minne ikirefuka kidogo.

Fundi akachomoa betri. Kigoda hakikushuka. Basi umeme haukuwa na shida. Shida ilikuwa ndani ya swichi, na haikuhitaji gari. Aliridhika kwa kiasi fulani. Kupata mahali kosa lilipo ni nusu ya kazi. Akaifungia swichi kwenye droo, na siku ile akafanya kazi iliyobaki akiwa amesimama.

Jioni alimweleza mkewe. Mkewe alikuwa anakunja nguo za mtoto, mtoto mwenyewe amekaa ndani ya beseni tupu anapiga makofi.

"Yule hakuwa kaka yako," alisema fundi. "Nakwambia. Kulikuwa na mtu mwingine kwenye usukani, tena mfupi. Wale watu wamemtwisha mzigo wao."

Mkewe aliendelea kukunja.

"Lirudishe hilo gari."

"Kwa nini nilirudishe?"

"Limemfunga kaka yangu. Silitaki mikononi mwako."

"Lakini ndilo litakalomfungua!"

"Lirudishe tu, baba," alisema, akanyanyua nguo akaenda chumbani.

Fundi alibaki na mtoto. Aliona ni uchungu, na uchungu una haki yake. Mke wake hakukosa Jumapili hata moja kwenda kumwona kaka yake gerezani, na tangu ajali ile hakupenda tena kukaa kiti cha mbele kwenye gari lolote. Lakini kitu kimoja kilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Mkewe hakuuliza huyo mtu mfupi ni nani.

Kesho yake Bosi alikuja mwenyewe, kwa teksi, bila kuitwa. Alizunguka gari akikwepa madimbwi ya oili.

"Umeona nini?" aliuliza.

"Kwani kuna cha kuona, Bosi?"

"Nauliza tu."

"Hebu kaa, nipime uzito."

Fundi alikuwa amerudisha swichi kwenye plagi yake, na kiti kilikuwa kimesogea mahali pake pa siku zote. Bosi akaingiza mguu, akaingiza bega, na tumbo lake likaulalia usukani. Honi ikalia. Ikalia mfululizo, kwa sababu Bosi hakuweza kwenda mbele wala kurudi, mpaka fundi bodi akaja wakamvuta wawili. Aliondoka amekasirika, akisema gari lisipokuwa tayari upesi ataona la kufanya.

Si Mlingoti, si Madam, si Bosi. Hata hivyo fundi aliamini sana tumbo la Bosi lingeweza kuwa dogo mwaka uliopita. Akaing'oa swichi, akaifunga kwenye kitambaa, akaitia mfukoni na kwenda kituo cha polisi.

Mpelelezi aliyeshughulikia kesi ile alimkumbuka. Alimsikiliza mpaka mwisho, kidevu ameegemeza kwenye ngumi. Fundi akaweka swichi juu ya meza. Kiti cha mpelelezi kikasogea mbele pamoja na mpelelezi mwenyewe, magoti yake yakagonga droo, kisha kikapanda mpaka ikabidi ainame kumtazama mgeni wake.

"Nimeona," alisema mpelelezi.

"Sasa, afande?"

"Sasa nini?"

"Si unaona kwamba aliyeendesha ni mfupi? Shemeji yangu huyo anagusa dari za watu."

Mpelelezi akajisukuma kwa mikono, kiti kikarudi nyuma. Akakiachia, kikasogea mbele tena. Akakizoea.

"Fundi, kiti hakili kiapo," alisema kwa upole. "Hata mahakama ikikubali, nani atakihoji? Shemeji yako amekula kiapo, akasema ni yeye. Mtu mzima akisema ni yeye, sisi tunamwamini. Ni heshima."

"Amesingiziwa."

"Hakusingiziwa na mtu. Alijitaja." Akaichukua swichi, akamrudishia mkononi. "Niletee binadamu ambaye kiti hiki kinamwenea, nitafungua jalada. Lakini kabla hujamleta, jiulize kitu ambacho mimi nilijiuliza siku ile nikaacha. Mtu anakubali kwenda jela kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya bosi wake?"

Fundi Mita alirudi nyumbani kwa miguu. Njiani swali lile alilipima, akalipima tena, na kila mara lilimpa jibu ambalo hakutaka kulisoma. Alipofika mtaani kwake alikuwa amelitupilia mbali. Koti lake alilitundika kwenye msumari wa ukutani, swichi ikiwa bado mfukoni.

Walikuwa na viti vinne mezani, kila kimoja na urefu wake, kwa sababu vilinunuliwa nyakati tofauti. Vyote vinne vikasogea mbele vikaigusa meza. Vyote vikapanda mpaka vikalingana. Mtoto akacheka.

Fundi alijaribu kukaa, akashindwa. Meza ilimbana mapajani. Alikuwa bado anahangaika pale mkewe alipotoka jikoni amebeba bakuli kwa mikono miwili. Akaliweka mezani, akanawa, akasema, "Karibu chakula," kisha akageuka akakaa.

Hakukivuta kiti. Hakukirudisha nyuma. Nyayo zake zilitua sakafuni bapa, viwiko vyake vikapumzika juu ya meza, na mgongo wake ukalala kwenye mgongo wa kiti kama kisu kwenye ala yake. Alikuwa ameshachota chakula cha mtoto ndipo alipohisi kwamba mumewe bado amesimama. Akamtazama. Akatazama viti. Akalitazama koti.

Mtoto akadai kijiko, akapewa.

"Ulikuwa unafundishwa kuendesha na nani?" fundi aliuliza mwishowe, ingawa alijua.

"Kaka. Jioni, akishampeleka Madam nyumbani. Tulikuwa tunazunguka nyuma ya soko, kule kwenye uwanja. Kitufe kile aliniwekea yeye, nisiwe napoteza muda kujisogeza."

"Hukuniambia."

"Nilikuambia nataka kujifunza. Ukaniuliza nikijua kuendesha nitakwenda wapi."

Fundi akakumbuka kwamba aliuliza hivyo, na kwamba wageni waliokuwapo walicheka.

"Siku ile," alisema mkewe, "aliniambia nikate kona tutokee barabarani. Nikakanyaga mafuta nikidhani ni breki. Basi. Yule baba alikuwa na kiatu mkononi, hakuinua hata kichwa." Akampangusa mtoto mdomo. "Kaka alinishusha kabla watu hawajajaa. Alisema mtoto ananyonya, huyo hawezi kunyonyeshwa na mjomba. Akasema, nenda nyumbani kapike. Nikaja nikapika. Ulikula, ukaomba nikuongeze."

"Na viatu vyangu?" aliuliza fundi. Muda mrefu alikuwa anajiuliza kwa nini viatu vyake vinatiwa soli mpya kabla havijachakaa.

"Mjane wa yule baba ndiye anayekaa pale sasa, na mwavuli ule ule. Sina cha kumwambia. Nampelekea viatu."

Kiti kilitoa mguno mdogo chini yake, kikajirekebisha kidogo, kama kinavyofanya kiti kizuri.

"Umekwenda nayo polisi hiyo swichi?"

"Nimetoka huko."

"Wanasema nini?"

"Kiti hakili kiapo."

"Mimi ningekula," alisema mkewe. "Kila Jumapili namwambia kaka, wacha niende nikaseme. Ananiambia nikisema, tutafungwa wote wawili, yeye kwa uongo na mimi kwa ukweli, na mtoto atalelewa na mita yako." Akasogeza bakuli pembeni. "Sasa unajua. Niambie wewe. Niende?"

Fundi Mita alitazama bakuli, akamtazama mtoto, akatazama mikono yake mwenyewe iliyokuwa na oili kwenye mikunjo. Maisha yake yote hakuwahi kukosa jibu mbele ya waya. Alivuta ndoo tupu iliyokuwa pembeni, akaipindua, akakaa juu yake. Akala. Hakujibu usiku ule, wala asubuhi, na mkewe hakuuliza tena.

Alinunua swichi nyingine kwa muuza vipuri, akaifunga kwenye gari la Madam. Ilifanya kazi bila kasoro. Haikumjua mtu yeyote. Ile ya zamani mkewe aliitoa mwenyewe mfukoni mwa koti, akaipangusa kwa kanga, akaitia kwenye mkoba wake.

"Hii ni yangu," alisema.

Madam alikuja kuchukua gari. Alikaa, akabonyeza kitufe cha kwanza, akajiweka sawa. Akazima, akawasha, kiti kikabaki pale pale. Badala ya kufurahi, akashusha kioo.

"Ilikuwa nini?"

"Swichi tu, Madam. Ilichoka."

"Fundi." Akapunguza sauti. "Kabla ya ajali nilikuwa naingia asubuhi nakuta kiti kiko mbele, kimepanda. Siku nyingine nakuta harufu ya sabuni ya kufulia. Ni mwanamke, sivyo? Mfupi. Ndiyo maana sikulipeleka gereji kubwa, nisije nikachekwa. Bosi anaapa hamjui. Niambie tu ni nani, mimi nitajua la kufanya."

Hapo fundi angeweza kumwondolea Bosi mzigo kwa sentensi moja. Aliufungua mdomo.

"Ilichoka tu," alisema.

Madam alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyenunuliwa, akapandisha kioo, akaondoka. Baadaye walisikia kwamba Bosi amehamia chumba cha wageni.

Jumapili iliyofuata Fundi Mita alifuatana na mkewe gerezani kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Ukumbi wa wageni ulikuwa na benchi moja refu la mbao, mstari wa chaki sakafuni mbele yake, kisha wavu. Upande wa pili wa wavu dari ilikuwa chini, na Mlingoti alisimama kwa shingo iliyopinda, amekonda, anatabasamu. Kinamama na wake za watu walikuwa wameshajaa kwenye benchi. Mkewe akapata nafasi katikati, akaweka mkoba mapajani, akakaa.

Benchi zima likasogea mbele, na wote waliokuwa juu yake. Kisha likapanda, na bibi mmoja mwenye kikapu akabaki miguu inaning'inia. "Tunasogezwa," alisema, akaendelea kumweleza mwanawe habari za bomba lililopasuka. Benchi lilivuka mstari na kusimama karibu kabisa na wavu.

"Nyuma ya mstari!" alisema askari.

Wakasimama wote, wakalirudisha, wakakaa. Likasogea tena. Walipolirudisha mara nyingine na likasogea mara nyingine, askari akatafuta chaki kwenye mfuko wa shati, akainama, akachora mstari mpya mahali benchi lilipotaka.

Mlingoti alimtazama dada yake, akautazama mkoba, kisha akamgeukia shemeji yake.

"Shemeji. Umeshapima."

"Nimeshapima."

"Basi yaishe."

"Kaka, leo mimi natoka hapa naenda moja kwa moja..." alianza mkewe.

"Unatoka hapa unakwenda nyumbani," alisema Mlingoti. "Mtoto ameota meno mangapi?"

Mkewe akaanza kuhesabu kwa vidole, akarudia mwanzo. Fundi akajibu kwa niaba yake. Waliongea habari za meno mpaka filimbi ikalia, na katika muda wote ule Fundi Mita hakusema alichokuja kusema, maana hata sasa hakuwa na hakika alikuja kusema nini.

Wafungwa wakapanga mstari. Mlango wa kurudi ndani ulikuwa wa chuma, umejengwa kwa ajili ya watu wa kimo cha kawaida. Haukusogea wala haukupanda. Mlingoti akaukaribia, akainama mpaka kiunoni, akapita.